Mikono Bomani, Karatasi Sandukuni

Jumatatu, 9 Julai

Maji ya kumwagilia matofali yameganda ndooni. Nimeyavunja mwenyewe kwa mpini wa koleo kwa sababu wafanyakazi walikuwa bado wanaota moto. Mchana lori limekwama kivukoni na mzigo wa mteja juu yake, na mto wenyewe hauna maji ya kumfika mbuzi magotini. Ni mchanga tu. Miaka mitano iliyopita tulimpeleka mtu bungeni akatuletee daraja. Tangu siku hiyo nimemwona mara mbili, zote msibani, zote akiwa na sahani mkononi.

Nimeamua. Safari hii nakwenda mimi.

Jumatano, 11 Julai

Kuamua si kazi. Kazi ni kwamba huku kwetu mtu hajitaji mwenyewe. Hatuna vyama. Watu wa eMacembeni hukusanyika bomani kwa chifu, mmoja anasimama analitaja jina lako, nawe uwe umekaa papo hapo uulizwe kama unakubali, halafu iinuke mikono kumi au zaidi mbele ya macho ya kila mtu. Mwezi unaofuata ndipo inakuja kura ya siri ya hapa kijijini, na mshindi wetu anakwenda kupambana na washindi wa maboma mengine ya jimbo. Anabaki mmoja. Watu wa Seneti hatuwachagui sisi. Huyu mmoja wa nyumba ya chini ndiye wetu.

Nimemweleza Zwane, mume wangu, akiwa anakamua ng'ombe. Ameuliza ni nani atakayenitaja. Nikamwambia nina wafanyakazi kumi na mmoja na nusu ya nyumba za eneo hili zimesimama kwa matofali yangu. Akaendelea kukamua.

Alhamisi, 12 Julai

Upepo. Vumbi hadi ndani ya chai.

Jumanne, 17 Julai

Nimemwita LaShongwe kando. Huyu nilianza naye tangu nilipokuwa na kalibu moja ya bati na tunachanganya saruji kwa miguu. Tangu niolewe jina langu la utotoni limepotea, naitwa LaGamedze tu, binti wa Gamedze, kama yeye alivyo LaShongwe; lakini yeye ananiita hivyo kana kwamba ni jina la mtu, wengine wananiita kana kwamba ni jina la duka. Nimemwambia siku ya bomani asimame anitaje.

Akaniuliza kama hiyo ni kazi au ni hisani. Nikamwambia sioni tofauti.

"Basi ni kazi," akasema, akarudi kwenye toroli yake.

Jumamosi, 28 Julai

Niandike yote kabla sijalala, maana leo nimefurahi.

Alfajiri nilimtuma dereva wangu Mancoba na lori azunguke akiwachukua watu. Nilivua suruali yangu ya kazi, nikavaa sketi ndefu, kitambaa kichwani na lihiya, shuka yetu ya kujitanda, begani, maana mwanamke mwenye suruali hapiti lango la boma. Mwanamke mwingine alirudishwa pale pale kwa kuwa bado anavaa nguo nyeusi za kumlilia mumewe. Alirudi nyumbani bila neno. Wanaume walikaa upande wao, sisi kwenye mikeka upande wetu, jua likiwa limetoka lakini halina joto.

Alitajwa wa kwanza, mwalimu mstaafu, akapata mikono yake. Akatajwa wa pili. Wa tatu alikuwa LaMaziya, yule anayewapikia uji mayatima kwenye kituo cha watoto. Alishtuka kweli, hakuwa anajifanya. Alipoulizwa kama anakubali alinyamaza mpaka katibu wa baraza akarudia swali. Mikono yake ilikuwa kumi na minne. Nilimwonea huruma.

Kisha LaShongwe akasimama, akanitaja kwa sauti nzuri, jina langu lote na la mume wangu. Nikakubali kabla katibu hajamaliza kuuliza. Watu wakacheka.

Anayetajwa hupita mbele na kukaa chini akiwaangalia wazee wa baraza, watu wako nyuma ya mgongo wake. Ndivyo ilivyo. Wote walikaa hivyo na vichwa wameinamisha. Mimi nilisikia katibu anasema mikono juu, nikasikia mchakacho wa nguo, nikashindwa. Niligeuka. Niligeuka mzima mzima nikaanza kuhesabu mstari kwa mstari, midomo inacheza. Katibu akasema, "LaGamedze, wazee wako huku kwetu." Kicheko tena. Lakini nilikuwa nimeshamaliza: sitini na tatu. Wa tano aliyetajwa baada yangu sikumsikiliza hata jina.

Sitini na tatu! Mwalimu ana thelathini na mmoja. Kila mkono mmoja una wawili nyumbani ambao hawakuja kwa baridi. Hiyo ni mia na themanini na tisa. Nani atanipita?

Jumapili, 5 Agosti

Mishubiri imechanua yote kilimani, wekundu mtupu. Nimezunguka nyumba tisa. Wote wananikaribisha vizuri. Wote wanasema, "Wewe tena, mama? Si tulishainua mkono?"

Jumatatu, 13 Agosti

Upepo umeng'oa bati la stoo. Nimemfokea Mancoba, halafu nimemfokea aliyekuja kumtetea.

Nimepita kwa lori mbele ya kituo cha watoto. LaMaziya alikuwa anaosha sufuria na mchanga. Hajaenda nyumba hata moja kuomba kura. Nikamwambia Mancoba: huyu ameshakata tamaa. Mancoba akasema, "Ndiyo, mama," kwa haraka aliyonayo siku zote.

Jumamosi, 25 Agosti

Tumepiga kura shuleni. Foleni ndefu, vumbi, karatasi ina sura zetu watano. Sura yangu imetoka vizuri.

Jumapili, 26 Agosti

LaMaziya 141. Mwalimu 96. Wawili wengine sina haja ya kuwaandika. Mimi 22.

Jumapili, jioni

Nimeomba wahesabu tena. Wamehesabu tena mbele yangu, karatasi moja moja, msimamizi akiinua kila moja ili nione. Ishirini na mbili. Nilipotoka darasani watu walikuwa wanapiga vigelegele, na LaShongwe alikuwa katikati yao anacheza na shali yake kiunoni. Aliponiona hakuacha. Alipunguza kidogo tu, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa.

Jumatatu, 27 Agosti

Hesabu haina upendeleo. Wafanyakazi wangu kumi na mmoja, pamoja na wapiga kura wa nyumba zao, ni thelathini na mmoja. Nimepata ishirini na mbili, na moja ni yangu mwenyewe. Kwa hiyo hata kama hakuna mtu mwingine eMacembeni nzima aliyenikumbuka, watu kumi wa uani kwangu walinyosha mkono mchana kweupe, kisha wakaniuza kwenye karatasi.

Niliwapanga mstari asubuhi kabla ya mashine kuwashwa. Niliuliza mmoja mmoja: ulimpa nani? Mancoba akasema wewe, mama. Aliyefuata, wewe, mama. Wewe, mama. Wewe, mama. Kumi wote. Mmoja alikuwa tayari kuapa kwa kaburi la babake, nikamwambia anyamaze.

Nikafika kwa LaShongwe. Alikuwa anajipangusa saruji mikononi.

"Walituambia ni siri," akasema. "Walisema hata mume asiambiwe."

"Sikuulizi mumeo. Nakuuliza wewe."

"Nami nakujibu wewe, LaGamedze. Ni siri."

Nikamwambia achukue vitu vyake. Miaka yote ile, akachukua kikombe chake cha bati na kanga ya kujifunga kichwani, akaondoka kwa njia ya nyuma, ile anayopita tangu hatujajenga ukuta. Hakuna aliyeinua macho. Nilisema haya, mashine, na mashine ikawashwa.

Alhamisi, 30 Agosti

Matofali ya leo yamevunjika mengi. Mchanganyiko mbaya. Alikuwa anaupima yeye.

Wasichana wa hapa wameondoka kwenda kukata matete kwa sherehe ya kifalme. Wameimba mpaka barabara kuu. Uani kwangu hakuna anayeimba.

Jumapili, 2 Septemba

Zwane amesema. Si mtu wa kusema, kwa hiyo naandika kama alivyosema.

Nilikuwa nalalamika tena, sitini na tatu, ishirini na mbili, wako wapi wale arobaini na mmoja, hawa watu wana nyuso mbili. Akaweka kijiko chini. Akasema siku ile bomani, katibu aliposema mikono juu, ilikuwa imeinuka michache. Yeye alikuwa upande wa wanaume, aliona uwanja wote.

"Kisha ukageuka," akasema. "Hapo ndipo iliinuka."

Nikamwambia haiwezekani. Akasema Mancoba alikuwa ameweka mkono mfukoni, akautoa kama aliyegusa moto. Wengine waliinua nusu, mpaka macho yangu yalipowafika, ndipo wakanyosha. Mwanamke mmoja alimwinulia mkono mama yake mzee aliyekuwa anasinzia.

Nikamuuliza, na wewe?

"Mimi nilikuwa najikuna kichwa," akasema. "Ukanitazama. Nikauacha hapo hapo."

Nilicheka kwa sababu yeye alikuwa anacheka kidogo. Halafu nikaenda kulala mchana, kitu ambacho sikifanyi.

Jumatatu, 3 Septemba

Ninawaona sasa. Ninapotoka nyumbani sauti zao zinashuka. Ninapopita toroli zinakwenda mbio, nikishapita zinapungua. Nilidhani ni bidii. Miaka yote nilidhani ni bidii.

Ila LaShongwe sikumtuma mtu kumwita. Nilijiambia, mtu aliyecheza mbele yangu siku ile hawezi kuwa mwema. Naandika hili ili nisije nikasema baadaye kwamba nilibadilika mara moja.

Jumamosi, 8 Septemba

LaMaziya amekuja uani na viatu vya mpira, ametembea kutoka kituoni. Amesema yeye peke yake ndiye mwanamke kati ya washindi wa jimbo, na mtu wa boma la eMbitaneni ana magari matatu na vipaza sauti. Hakuomba kura yangu. Aliomba lori siku ya kupiga kura, kuwachukua wazee. Akasema daraja la kivukoni amelisikia kwangu na bungeni atalisema kwa hesabu zangu: urefu, mawe, saruji, vyote.

Ilinipasa nifurahi. Nilimpa lori. Nilifanya zaidi: mchana kwenye mkutano wa hapa nilisimama mbele ya watu wote nikasema eMacembeni ina mtoto mmoja sasa, tumbebe. Nikapiga vigelegele mimi mwenyewe. Watu walishangaa, kisha wakapiga makofi kwa moyo, mara ya kwanza nasikia makofi ya namna ile yakinielekea. Wazee wa baraza walinipa mkono. Nilirudi nyumbani nimejaa.

Ijumaa, 14 Septemba

Joto limeanza ghafla. Moshi wa miwa inayochomwa bondeni unafika mpaka huku. Hakuna jipya.

Ijumaa, 21 Septemba

Nilikwenda jimboni kwa lori langu mwenyewe, mbele pamoja na Mancoba, wazee wamejaa nyuma. Tuliimba. Nilimshusha kikongwe mmoja mikononi mwangu kama gunia la unga.

Walipaka kidole changu wino. Nikapewa karatasi, nikaingia nyuma ya ubao wa kupigia kura. Sura nne. LaMaziya wa pili kutoka juu, kitambaa kimemkaa vibaya, anaonekana kama anataka kuomba radhi kwa kupigwa picha. Chini yake mtu wa eMbitaneni.

Nilikuwa sijapanga. Naapa sikupanga. Nilishika kalamu, nikakumbuka 141, nikakumbuka vigelegele vya shuleni, nikawaza huyu aliyeosha sufuria tu, hakuomba hata nyumba moja, atakaa kwenye kiti nilichokitaka mimi na atalisema daraja langu kwa mdomo wake. Hapakuwa na mtu. Ubao tu, na jua kwenye karatasi. Mkono wangu ukaenda chini, ukaweka alama kwa mtu wa eMbitaneni. Afisa akakohoa. Nikakunja, nikatumbukiza.

Nje, kikongwe yule akaniuliza kama nimemaliza salama. Nikamwambia ndiyo, tumempa mtoto wetu.

Nimenawa mara tatu. Wino hautoki.

Jumapili, 23 Septemba

LaMaziya ameshinda. Kwa kura nyingi. Yangu haikumpunguzia wala kumwongezea kitu.

Amekuja mchana huu, mbunge mzima, na ndoo ya maziwa ya mgando kichwani, na watoto wa kituo wanamfuata wanaimba. Alipiga magoti kwenye mkeka wangu. Amesema amekwenda nyumba nyingi kushukuru kwa adabu tu, maana kura ni siri, lakini hapa kwangu hana shaka. Alisema: "Wengine nabahatisha, mama. Wewe nakujua."

Nilisema karibu, mwanangu. Nikapokea ndoo. Zwane alikuwa mlangoni. Sijui aliona nini usoni mwangu, aliondoka akaenda kwenye ng'ombe ingawa walikuwa bado malishoni.

Maziwa sikuyagusa. Nimewapa wafanyakazi. Wakasema asante, mama, kwa haraka.

Jumatatu, 24 Septemba

Katika watu wote wa eMacembeni niliowauliza walimpa nani, ni mmoja tu ninayejua kwamba hakunidanganya. Nikamfukuza.

Jumanne, 25 Septemba

Nimekwenda kwa LaShongwe kwa miguu. Lango lake ni miti miwili na waya. Siku zote nilikuwa nafika pale kwa lori, napiga honi, anatoka mbio. Leo nilisimama nje kama mgeni yeyote, nikaita ukoo wa mumewe na sifa zao. Sikuzijua. Nilianza mara mbili, nikachanganya na za ukoo mwingine, mtoto ndani akacheka. Mumewe yuko migodini Afrika Kusini. Nikasubiri.

Alichukua muda. Nilimwona kupitia waya anamalizia kuchambua majani ya maboga, jani kwa jani, bila haraka. Kisha akasema ingia, akanionyesha mkeka kwenye kivuli cha ghala, akaniletea maji ya kunywa kwa kikombe kile cha bati. Nikakaa chini. Yeye akakaa upande wa pili na bakuli lake.

Nilimwambia nimekuja kumrudisha kazini. Akauliza kwa nini. Nikasema matofali yanavunjika.

"Basi tafuta mtu wa matofali."

Nikasema nilikosea. Akauliza nilikosea nini. Nikasema huenda ulinipigia kura, nami nikakufukuza bila kujua. Hapo aliacha majani.

"Huenda. Na kama sikukupigia? Ungekuwa hukukosea?"

Jua lilikuwa linanifika miguuni na sikusogea. Akasema kama namrudisha kwa sababu ya kura aliyonipa, basi mwaka ambao hatanipa nitamfukuza tena. Yeye ana watoto watatu, hawezi kuishi hivyo. Halafu akaniuliza kwa upole, kama anavyouliza kuhusu maumivu ya mgongo wangu:

"Na wewe? Ulimpa LaMaziya?"

Nilifungua mdomo. Zimenitoka ndiyo nyingi mwezi huu, kwa kikongwe, kwa wazee wa baraza, kwa mbunge mwenyewe aliyepiga magoti. Hii haikutoka. Nilitazama kidole changu chenye wino, naye akakitazama. Kisha akaanza kucheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, akaweka bakuli chini lisimwagike.

"Usinijibu," akasema. "Ni siri yako. Mimi nina yangu."

Nikalia. Mimi, mbele ya mfanyakazi, kwenye mkeka wake. Alinyanyua jani moja, akalichambua, akanipa mengine nichambue. Tukachambua.

Nilipokuwa naondoka akasema yeye hakufukuzwa faraghani. Nilimfukuza mbele ya watu kumi. Kama nataka arudi, watu hao hao kumi wasikie. Nikasema nitawaambia kesho. Akasema hapana, nitakapowaambia yeye awepo. Na nisiwapange mstari.

Jumatano, 26 Septemba

Nimeamka na kusema leo siendi uani, nina homa. Zwane akanigusa paji la uso, akasema huna. Nikaenda.

Mawingu yalikuwa yamejaa, mvua ya kwanza ikinukia. Walikuwa wameshaanza kazi, mchanganyiko wa kwanza umemwagwa chini, wamesimama huku na huku wanavyopenda, mmoja kwenye toroli, wawili wameegemea makoleo, Mancoba juu ya gurudumu la lori. LaShongwe aliingia kwa njia ya nyuma, akasimama pamoja nao. Sikumpungia mtu mkono asogee.

Niliwaambia nilimfukuza LaShongwe kwa kunyamaza kwake, na kwamba kunyamaza kulikuwa haki yake. Nikawaambia sina haki ya kumuuliza yeyote kati yao swali lile, na kwamba walionijibu walinijibu kwa woga, na woga huo niliupika mimi. Nikawaambia na siku ya bomani, jinsi nilivyogeuka. Nilitaka kusema na la jimboni pia, la nyuma ya ubao. Nilimtazama LaShongwe. Alitikisa kichwa kidogo sana: hilo libaki kwako.

Basi limebaki kwangu, na hapa.

Nilimaliza kwa kuwaomba radhi, neno ambalo uani kwangu nililizoea kulisikia tu. Hakuna aliyesema "ndiyo, mama". Mancoba aliteremka kwenye gurudumu polepole, asijue aweke wapi mikono. Tone moja likaanguka kwenye bati, kisha la pili. Nilisimama. Sikujua mtu akishamaliza jambo kama hili anakwenda wapi.

LaShongwe alijifunga kanga yake kichwani, akachukua koleo.

"Umemaliza, LaGamedze?"

Nikasema nimemaliza.

"Basi sogea. Umekanyaga mchanganyiko, na mvua inakuja."